Mafaili yangu yako kwenye D: je, ni salama nikibadilishiwa Windows?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina laptopu ya zamani yenye prosesa ya Intel Core i5-4300U, memori ya GB 4 na diski ya GB 500. Inatumia Windows 10, na mara kwa mara inaniletea ujumbe kwamba mfumo huu hauhudumiwi tena. Humo mna picha za wanangu tangu walipozaliwa, matokeo ya wanafunzi wangu na barua pepe za miaka mingi ninazosoma kwa Outlook. Fundi ameniambia ataniwekea Windows 11 kwa saa moja tu, na mafaili hayatapotea kwa sababu yote nimeyahifadhi kwenye D. Nimkubalie? Na hiyo nakala rudufu inayosemwa, kwangu ni lazima? – Mwalimu wa sekondari

JIBU: Pole na majukumu, Mwalimu. Usimkubalie bado. Nakala rudufu ni lazima, tena iwe tayari kabla mtu yeyote hajaigusa mashine hiyo kwa nia ya kubadili mfumo endeshi. Nitaanza na hilo, kwa sababu Windows ikiharibika inawekwa tena jioni hiyohiyo, lakini picha ya mtoto wa siku mbili haipigwi mara ya pili.

Kwanza hiyo D. Katika laptopu nyingi za aina yako, C na D ni vipande viwili vya diski moja. Hakikisha mwenyewe: bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows, chagua Disk Management, utazame sehemu ya chini. Ukiona C na D zimepangwa kwenye mstari mmoja ulioandikwa Disk 0, basi ni chuma kilekile. Fundi akikosea kipande cha kufomati, au diski yenyewe ikifa katikati ya kazi, vyote viwili vinaondoka pamoja. Kweli, D hubaki salama pale C inapofomatiwa kwa uangalifu, na ndiyo maana mafundi wengi wanaiamini. Mimi siwezi kukushauri uweke kumbukumbu za familia juu ya uangalifu wa mtu mwenye haraka.

Sasa tazama afya ya diski. Diski ya kuzunguka iliyofanya kazi miaka kumi imechoka, na kuweka mfumo mpya kunaisomesha na kuiandikisha kwa nguvu kwa muda mrefu, kazi ambayo huenda haijaifanya siku nyingi. Pakua programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, uifungue. Ikiandika Good kwa buluu, endelea kwa utulivu. Ikiandika Caution kwa manjano, hasa kwenye mistari ya 05 au C5, maana yake kuna sehemu za diski ambazo tayari zimeharibika au hazisomeki vizuri. Hapo usianze kuikagua wala kuirekebisha diski. Nakili picha kwanza, kisha matokeo, kisha vingine, kwa mpangilio wa uchungu utakaokupata vikipotea.

Nakala iende kwenye diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa USB, yenye nafasi kuliko jumla ya mafaili yako. Usiiweke kwenye flashi itakayotumika kusakinishia Windows. Programu ya Microsoft inayotengeneza flashi hiyo huhitaji GB 8 na hufuta kila kilichomo, na kuna watu wamepoteza nakala yao pekee kwa namna hiyo. Jambo jingine dogo linalosumbua: ukinakili video ndefu ukaambiwa faili ni kubwa mno ilhali nafasi ipo tele, diski hiyo ya nje imefomatiwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalofika GB 4. Ikiwa bado ni tupu, ifomati kwa exFAT au NTFS.

Nini kinakiliwe? D yote, halafu folda yako iliyo ndani ya C:\Users. Watu husema hawaweki kitu kwenye C huku Desktop imejaa, na Desktop iko C. Vilevile Downloads, na mara nyingi picha zilizotoka kwenye simu. Ndani ya folda hiyo kuna nyingine iliyofichwa, AppData, ambamo programu huweka vitu vyao. Kuiona, nenda kwenye View katika dirisha la mafaili, uweke tiki kwenye Hidden items.

Outlook inataka umakini zaidi. Ingia File, kisha Account Settings, kisha kichupo cha Data Files, utaona faili la kila akaunti na mahali lilipo. Likiishia na .pst, barua zako huenda ziko kwenye kompyuta hiyo tu na si mahali pengine popote, kwa hiyo funga Outlook kabisa kisha ulinakili. Likiishia na .ost, hilo ni kivuli cha barua zilizoko kwenye seva. Litajitengeneza upya ukiingiza akaunti yako. Hata hivyo fungua barua zako kwa kivinjari kwanza, uone kweli zipo.

Nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari kama Chrome au Edge haziokolewi kwa kunakili folda, kwa kuwa zimefungwa kwa akaunti yako ya Windows. Ziunganishe na akaunti ya kivinjari hicho, au uzitoe kama faili na kulihifadhi mahali pasipofikiwa na wengine. Kama unatumia Office, andika kwenye karatasi ni akaunti gani au namba gani iliyoifungulia. Na ikiwa C ina alama ya kufuli, BitLocker, yaani kinga ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo, imewashwa; tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft uuandike, maana mashine ikiuuliza baada ya kuguswa mipangilio yake, hakuna fundi wa kukusaidia.

Ukimaliza kunakili, bofya folda ya asili na ile ya nakala kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, ulinganishe idadi ya mafaili na ukubwa wake. Kisha fanya jambo ambalo wengi hulikwepa: chomoa diski ya nje, uichomeke kwenye kompyuta nyingine kabisa, ufungue picha kadhaa za mwaka wa zamani na za juzi, video moja uiendeshe hadi mwisho, na faili la matokeo ulitazame namba zake. Mimi sihesabu kwamba mtu ana nakala mpaka ameifungua mbali na mashine ya asili. Vile vya thamani zaidi viweke pia mtandaoni, ila kumbuka kwamba OneDrive na Google Drive zinapooanishwa na kompyuta, ukifuta huku na kule kunafutika, na kinakaa kwenye pipa la taka siku 30 tu.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze kuhusu Windows 11. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari katika jina la prosesa yako ni 4, yaani ni kizazi cha nne. Microsoft inataka kizazi cha 8 na kuendelea, ukiacha prosesa chache za kizazi cha 7, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine yako haifikii masharti hayo. Fundi hajakudanganya kwamba anaweza. Njia za kuruka ukaguzi zipo na zinafanya kazi. Lakini Microsoft imeeleza wazi kwamba kompyuta iliyowekewa hivyo haina haki ya kupata masasisho, na matoleo makubwa yanayofuata yanaweza kukataa kuingia. Unaondoka kwenye mfumo usiohudumiwa ili upate masasisho ya usalama, kisha unaingia kwenye mwingine ambao masasisho yake hayana uhakika. Na kwa memori ya GB 4 itakuwa nzito, utaichukia.

Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji binafsi Microsoft iliongeza muda wa masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mashine iwe kwenye toleo la 22H2, na unajiandikisha kupitia Settings, sehemu ya Windows Update, ukiwa na akaunti ya Microsoft. Jiandikishe. Utapata muda wa kuamua bila presha.

Ingekuwa laptopu yangu, fedha ningeziweka kwenye diski ya SSD, yaani ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA, na memori ifike GB 8. Memori ya mashine hiyo ni DDR3L. Ukiuziwa DDR4 haitaingia kwenye tundu lake. Fungua mfuniko kwanza uone kama memori inachomolewa, kwa sababu kuna modeli zilizochomelewa kwenye ubao. SSD ndiyo itakayokushangaza: kompyuta iliyokuwa ikiwaka huku unasubiri itaamka kwa sekunde. Leseni ya Windows 10 imeshikamana na ubao mama, hivyo kubadili diski hakuipotezi. Itajithibitisha ukiunganisha intaneti.

Wakati huohuo jaribu Linux Mint, mfumo endeshi wa bure usio Windows, toleo lake la Xfce ambalo ni jepesi. Inaendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, hivyo unaweza kupima kama Wi-Fi, sauti na printa vinafanya kazi. LibreOffice iliyomo hufungua mafaili ya Word na Excel. Fungua jedwali lako la matokeo humo: likiwa na makro za Excel, yaani amri zinazojiendesha ndani ya jedwali, huenda zisitembee, na kama shule inatumia programu maalumu ya Windows, hiyo haitaingia. Ikiwa hayo hayakuhusu, hamia huko kabla ya Oktoba 2026. Kama yanakuhusu, anza kudunduliza kwa ajili ya mashine nyingine, na SSD yako utahama nayo ikiwa mashine hiyo ina nafasi ya SATA.

Faida nyingine ya SSD ni kwamba mfumo mpya unawekwa juu yake peke yake. Diski ya zamani inatoka nje na kila kitu chake. Basi ukienda kwa fundi mwambie mambo matatu: diski ya zamani asiifomati, asiirudishe ndani wakati anasakinisha, na akukabidhi mkononi siku hiyohiyo. Ile ya nje yenye nakala iache nyumbani.