Kuuza Dagaa kwa Mtu Usiyemwona

Nauza dagaa Mwanga, hapa Kigoma mjini, na wateja wangu wengi hawajawahi kunitia machoni. Wako Dodoma, Mbeya, Dar es Salaam. Tunaongea WhatsApp, mzigo wanaupokea stendi. Mtu anakutumia hela kabla hajaona hata dagaa mmoja! Si bei inayomvuta, maana wa bei ya chini kuliko mimi wapo tele.

Wengi wanaoanza hutundika bei kwenye stetasi asubuhi mpaka jioni, "mzigo upo, karibuni". Watu wanakupita tu. Mimi naweka yale ambayo mnunuzi wa mbali hana pa kuyajulia. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, hawakusanyiki kwenye taa, uvuvi unadorora, bei inapanda. Basi mwezi ukianza kukua nawaambia mapema: anayetaka achukue sasa. Waliokuwa wakidhani tunapandisha kwa tamaa, siku hizi wao ndio wanaoniuliza mwezi umefikia wapi.

Au nawapigia video ya chanja. Dagaa wa chanjani hupata upepo juu na chini. Wa kuanikwa mchangani utawaosha mpaka uchoke. Nawafundisha kupima: tia dagaa kiganja kimoja kwenye bakuli la maji, koroga, watoe, kisha mwaga maji taratibu utazame kilichobaki chini. Atakwenda kumpimia hata muuzaji mwingine, na sina kinyongo naye.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, akiba yangu iliisha mapema. Niliwaandikia wazi kwamba sina, na anayewaambia ana dagaa wa jana ana lake jambo. Aliyetaka mawese nilimpa namba ya mama jirani, wakamalizana wenyewe. Nikaendelea kusalimia, kutoa pole kwa aliyefiwa, hongera kwa aliyejifungua. Ziwa lilipofunguliwa sikuhitaji kutangaza sana.

Sasa kujitolea, maana kuaminiana si kwa wateja tu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, nashuka mwaloni Kibirizi, dagaa wanakoshushwa kutoka ziwani, na reki na viroba vyangu. Kama unakwenda kutafuta wateja, baki nyumbani. Akina mama wa pale hawanunui dagaa kwangu, wao ndio wanaoniuzia! Ukitokea na fulana ya biashara unagawa kadi, watakuchekea na kukusengenya ukiondoka. Ninachopata mimi ni simu: mzigo mzuri ukitua, napigiwa kabla ya madalali.

Usafi ukiisha tunakaa kidogo, wanaleta simu zao. Mmoja alikuwa ameshatoa ndoo mbili kwa kuonyeshwa ujumbe wa malipo uliotoka kwenye namba ya mtu binafsi. Tukafungua salio pamoja, hakuna kitu. Tangu hapo wakilipwa kwa simu wanatazama salio kwanza, ndoo baadaye. Kazi ndogo, na hainilipi chochote, lakini pale mwaloni siitwi tena mchuuzi, naitwa mwenzetu.

Picha za siku hiyo siziweki stetasi mpaka wenyewe wakubali. Na wakikubali, lazima kwanza wakabadilishe vitenge.