Chatu Mweupe kwa Wazazi wa Kahawia

SWALI: Ndugu yangu aishiye Marekani anafuga chatu wadogo wa Afrika Magharibi. Wawili wa kahawia wametaga, na yai moja likatoa mtoto mweupe mwenye mabaka ya manjano na macho mekundu. Yawezekanaje? – Msomaji, Sinza, Dar es Salaam.

JIBU: Yawezekana kabisa, wala ndugu yako hakubadilishiwa mayai. Kila nyoka hurithi nakala mbili za jeni, moja kwa mama na nyingine kwa baba, na ualbino wa aina hii haujitokezi mpaka nakala zote mbili ziwe na hitilafu inayozuia utengenezaji wa melanini, yaani rangi nyeusi na kahawia. Ndiyo maana wazazi wenye nakala moja moja yenye hitilafu huonekana wa kawaida. Wakipandishwa, kila yai lina uwezekano wa 25% wa kutoa albino, bila kujali mayai mengine yametoa nini. Manjano hubaki kwa kuwa hutokana na chembe nyingine za ngozi.

Si jeni zote zilivyo hivyo. Ile ambayo wafugaji huiita ya buibui hujitokeza hata kwa nakala moja, lakini huambatana na kutikisika kichwa na kukosa mizani, nami simshauri mtu yeyote aizalishe, hata mabaka yake yakisifiwa vipi.