Ukiifuata Njia ya Oregon, Ipime kwa Mwendo wa Maksai

Njia ya Oregon ilianzia Independence, Missouri, ikaishia bonde la Willamette huko Oregon, karibu na Bahari ya Pasifiki, umbali wa takriban kilomita 3,200, ambao leo dereva mwenye haraka huumaliza kwa siku chache tu. Mimi na familia yangu tumeipita sehemu yake ya kati, kando ya mto Platte katika Nebraska na Wyoming, na ushauri wangu kwa ndugu zetu wanaoishi Marekani na kupanga safari kama hiyo ni huu: msijaribu kuimaliza yote. Chagueni kipande kimoja, mkipime kwa siku za wale wahamiaji wa miaka ya 1840 na 1850, waliokwenda magharibi kutafuta makao mapya kwa magari ya kukokotwa na wanyama.

Siku yao ilikuwa fupi kwa umbali na ndefu kwa kazi. Wengi walipendelea maksai kuliko farasi, kwa kuwa maksai huvumilia mzigo mzito na kuishi kwa majani ya njiani, lakini mwendo wake ni takriban kilomita 3 kwa saa. Waliondoka alfajiri, wakapumzisha wanyama adhuhuri, kisha wakaendelea hadi jioni, na siku njema iliwapa kilomita 20 hadi 25. Mto uliofurika, gurudumu lililovunjika au mgonjwa wa kipindupindu viliweza kuwazuia mahali pamoja kutwa nzima, pengine zaidi.

Kwa hiyo, mkiwa barabarani simameni kila baada ya kilomita 24. Mtajikuta mkisimama karibu kila robo saa, na watoto watalalamika, lakini hakuna maelezo yaliyowaingia wanangu kama hayo. Nguzo ya mwamba ya Chimney Rock, ambayo kwa gari huifikia muda mfupi baada ya kuiona, wahamiaji waliitazama mbele yao kwa siku mbili hivi. Tena tengeni siku moja ya kutembea kwa miguu, kwa sababu wengi wa wahamiaji hawakupanda magari yao ya kukokotwa: yalikuwa na upana wa mita moja na kitu, yalijaa unga, maharagwe na nyama ya nguruwe iliyokaushwa, na hayakuwa na springi. Karibu na Guernsey, Wyoming, magurudumu yalichimba mifereji katika jiwe la mchanga, mahali pengine kwa kina cha zaidi ya mita moja, na inafaa kupita humo bila haraka.

Jambo ninalosisitiza kuliko yote ni kalenda, kwa kuwa bila hiyo kasi yao haieleweki. Nyasi ziliota mwezi wa Aprili au Mei, na aliyeondoka kabla ya hapo aliua wanyama wake kwa njaa. Aliyechelewa alikuta malisho yameliwa na misafara iliyotangulia, na mbele yake milima ilimsubiri na theluji. Kipimo chao kilikuwa mwamba wa Independence Rock huko Wyoming, ambao walitaka kuufikia ifikapo tarehe 4 Julai. Fanyeni hesabu mkiwa pale: mwamba huo uko zaidi ya kilomita 1,300 kutoka mwanzo, yaani walikuwa bado hawajafika nusu ya safari, wanyama wamekwisha konda, na njia ngumu zaidi iko mbele. Kwa kilomita 20 kwa siku, walifika Oregon mwezi wa Oktoba.

Ndiyo maana kila aliyewaahidi njia ya mkato alisikilizwa. Msafara wa Donner, uliokuwa ukielekea California mwaka 1846, ulifuata njia ya mkato iliyoitwa ya Hastings, ukapoteza wiki kadhaa katika milima ya Wasatch na jangwa la chumvi, ukafika milima ya Sierra Nevada theluji ikiwa imeanza. Kati ya watu 87, karibu nusu walikufa. Nimewasikia watu wakiwalaumu kwa uzembe. Nadhani hukumu hiyo hutolewa na wasiojua siku moja ilikuwa na thamani gani kwao.

Nendeni Juni, wakati nyasi bado ni mbichi, na jazeni mafuta na maji katika mji wa Casper, Wyoming, kwa kuwa baada ya hapo vituo ni vichache. Mkiweza, fikeni South Pass, upenyo katika milima ya Rocky, takriban mita 2,260 juu ya usawa wa bahari. Mwinuko wake ni wa taratibu kiasi kwamba wahamiaji wengi walivuka mgongo wa bara, yaani mstari unaotenga mito ya upande wa Atlantiki na ya upande wa Pasifiki, bila kutambua, na bila upenyo huo magari ya maksai yasingaliweza kuvuka milima ya Rocky kwa msimu mmoja.