Usijifungie nje ya seva yako

Mdogo wangu, umeuliza namna ya kuingia salama kwa SSH (njia ya kuiendesha kompyuta ya mbali kwa mawasiliano yaliyofichwa) kwenye seva ya duka lenu Ujiji ukiwa Tabora. Kabla hujasafiri, tengeneza funguo mbili, wa siri na wa hadharani, kwenye laptop yako: ssh-keygen -t ed25519. Kisha kwa ssh-copy-id upeleke ule wa hadharani kwenye seva. Wa siri humpi mtu, hata mimi. Ukishaingia kwa ufunguo, ndipo uandike PasswordAuthentication no na PermitRootLogin no ndani ya /etc/ssh/sshd_config, faili la mipangilio ya SSH kwenye seva: la kwanza hukataa nywila, la pili humkataa root, yaani mtumiaji mkuu. Piga sudo sshd -t ikague faili hilo. Ikikaa kimya, hujakosea kuandika. Washa upya huduma ya SSH, ila dirisha la kwanza uliloingilia usilifunge mpaka la pili liingie. Mimi sikukagua, nikalifunga, nikarudi Kigoma na treni kisa herufi moja. Kubadili poti ya 22, mlango wa kawaida wa SSH? Kunapunguza tu wabishaji hodi.