Mazoezi bila msosi wa kutosha yanakula mwili: majibu ya maswali yenu

Mwezi huu meseji zimekuwa nyingi kweli, na nikizisoma kwa pamoja naona zote zinazunguka jambo moja, watu wanajituma mazoezini halafu kwenye sahani wanajinyima, wengine kwa kupenda wengine kwa sababu ndo chakula kilichopo. Nimechukua nne. Ya pili nimeijibu kwa urefu maana yule mzazi hatakiwi kusubiri na najua wapo wengi kama yeye.

Dada habari, nina miaka 29 nipo Arusha. Mwaka huu nilikimbia kilomita 42 kule Moshi, nilianza vizuri sana ila kufika ya 30 miguu ikagoma kabisa, nikawa natembea, kichwa kizito, nusura nikae chini barabarani. Asubuhi nilikunywa chai ya rangi tu kwa sababu wenzangu wa jogingi waliniambia ukikimbia tumbo tupu unachoma mafuta. Nina kilo 65. Tatizo ni nini? (Mkimbiaji, Arusha)

Mdogo wangu pole, na hongera kwa kumaliza. Twende na hesabu kidogo. Kukimbia kunakula karibu kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, kwahiyo we wa kilo 65 ukienda kilomita 42 unahitaji kama kalori 2,700. Sasa wanga unaotunzwa kwenye misuli na ini, ule wanaouita glaikojeni, kwa mtu aliyekula vizuri ni kama gramu 500, yaani kalori 2,000 hivi. Gawanya mwenyewe uone inaishia wapi, inaishia kilomita ya 30 au 31, palepale ulipogoma! Na hiyo ni kwa aliyekula, we ulilala usiku mzima ini likitumia akiba yake halafu ukaamka na chai kavu.

Mafuta unayo mengi mwilini ni kweli, na yanachangia tangu unaanza, ila mwili unayachoma taratibu, hayawezi kubeba mwendo wa mashindano peke yake. Wanga ukiisha unabaki na mwendo wa kutembea. Hao wenzako wamechukua jambo la mazoezi mepesi ya asubuhi wakalileta kwenye siku ya mbio, na hata kwenye kupungua mwili kinachoamua ni ulaji wa siku na wiki nzima, sio asubuhi moja ya kukaa na njaa.

Watafiti waliwahi kupima chakula cha wakimbiaji wakubwa wa Kenya wakiwa kambini, matokeo yakatoka mwaka 2004: karibu asilimia 76 ya nishati yao ilikuwa wanga. Ugali, wali, viazi, maharage, kabeji, chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha, na wakitoka mazoezini wanakula ndani ya saa moja. Hakuna uchawi pale. Mbio hizi zinaamuliwa na vitu vidogo sana, si mliona Tokyo mwaka 2025, Alphonce Simbu wetu kachukua dhahabu ya dunia kwa kumpita Mjerumani kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42!

Kwahiyo siku mbili kabla ya mbio ongeza wali, viazi, chapati, ndizi, punguza mboga zenye nyuzinyuzi nyingi ili tumbo lisisumbue. Asubuhi kula masaa 2 au 3 kabla ya kuanza, mkate na jemu, ndizi, chai yenye sukari. Njiani tafuta gramu 30 mpaka 60 za wanga kila saa: ndizi moja ni kama 25, soda ya mililita 300 ina 30 na kitu. Anza mapema, usisubiri mpaka uchoke. Na hivyo vyote ujaribu kwanza kwenye mazoezi marefu ya wikiendi, usije ukaonja kitu kipya siku ya mashindano.

Dada naomba msaada. Binti yangu ana miaka 16, yupo bweni, anakimbia mita 3000 na anajiandaa na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Siku zake hazijaja miezi mitano sasa na kabla ya hapo zilikuwa zinakuja vizuri. Kocha anasema kwa wanariadha ni kawaida, tena amemwambia apunguze kula awe mwepesi. Likizo nimeona amekonda, analalamika ugoko unauma. Anapenda mbio sitaki kumkatisha. (Mama mwenye wasiwasi, Mbulu)

Shikamoo mama yangu. Naomba nianze na hili ulishike: sio kawaida. Inatokea sana kwa wasichana wanaokimbia, ndo maana watu wameizoea, lakini hedhi kukata miezi mitano ni mwili unapiga kelele. Mwanariadha anayekula vya kutosha anakimbia na siku zake zinakuja kama kawa.

Kinachotokea ni hivi. Chakula kikiingia, mazoezi yanachukua sehemu yao kwanza, hayasubiri. Kinachobaki ndo cha moyo, ubongo, kinga, mifupa, ukuaji na uzazi. Kikibaki kidogo siku baada ya siku mwili unaanza kukata matumizi, na cha kwanza kukata ni uzazi kwa sababu mtu anaishi bila uzazi. Homoni ya estrojeni inashuka, na hiyo ndo inayolinda mifupa. Binti wa miaka 16 yupo kwenye kipindi cha kujenga mifupa ya maisha yake yote, akivuka miaka 20 sehemu kubwa ya kujenga imeshapita. Ndo maana huo ugoko unanitisha kuliko kukonda kwenyewe. Mwambie abonyeze mfupa taratibu kwa kidole, kama kuna sehemu moja anayoweza kuonyesha kwa ncha ya kidole na inauma hapo hapo, au inauma hata akiwa amelala, asikimbie tena hata hatua moja mpaka aonwe, unaweza kuwa ufa kwenye mfupa.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliandika waziwazi mwaka 2014 kuhusu tatizo hili la nishati pungufu kwa wanamichezo, na wakasema hata wanaume linawakuta. Yupo Mmarekani Mary Cain, mwaka 2013 akiwa na miaka 17 tu alishakimbia fainali ya mita 1500 ya dunia. Mwaka 2019 alisimulia hadharani kwamba alikuwa akisukumwa apungue kilo, hedhi ikakata miaka 3 na mifupa 5 ikavunjika. Kipaji cha namna ile! Mama, wepesi wa njaa unamkimbiza mtoto miezi michache halafu unamvunja.

Sasa angalia siku yake bweni. Mabweni mengi yanafanana, watoto wa mbio wanaamka saa 11 alfajiri, kilomita 10 bila kitu tumboni, kisha uji mwembamba kikombe kimoja, darasani, mchana ugali maharage, jioni mazoezi tena, usiku ugali maharage mapema, halafu mpaka kesho. Kama ana kilo 45, zile kilomita 10 tu zimekula kalori 450 na kikombe cha uji mwepesi hakifiki hata nusu ya hizo. Hapo hajakua, hajasoma, hajafanya mazoezi ya jioni. Si mvivu wala hana mapepe, hesabu haifungi tu.

Usimwambie ale ugali mkubwa zaidi, tumbo lake lina mwisho. Ongeza vitu vidogo vilivyoshiba. Mpelekee karanga za kukaanga, gao moja ni kama kalori 170, ale kila siku baada ya mazoezi ya asubuhi pamoja na ndizi mbili. Unga wa lishe wenye karanga akoroge mwenyewe uwe mzito. Maziwa kama yanapatikana, mayai ya kuchemsha wikiendi, dagaa waliokaangwa wanakaa siku nyingi, parachichi. Alfajiri kabla ya kutoka hata ndizi moja au kipande cha kiazi kitamu. Hivyo havizidi uwezo wa wazazi wengi, na kama shule inakataza kuingiza chakula nenda ukaongee na matroni, beba cheti cha daktari.

Daktari ndo lazima, na usisubiri likizo ijayo. Watampima na ujauzito, hicho ni kipimo cha kwanza kwa msichana yeyote aliyekosa siku zake, usimfokee wala usimtilie shaka mbele za watu. Waombe waangalie na wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma, maana mabinti wanaokimbia damu inashuka sana, na chai ya rangi juu ya ugali maharage inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Chai akae nayo mbali kama saa moja na chakula, na maharage ale na chungwa au limao, hapo chuma kinaingia vizuri. Vidonge vya chuma asimeze kabla ya kupimwa.

Na kocha, mama, nenda kwa heshima ila nenda. Mwambie binti anapumzika mpaka daktari aseme, na asimpime kilo wala kumsema mwili wake mbele ya wenzake. Kocha mzuri ataelewa. Asipoelewa, UMISSETA ya mwaka huu ipite tu, ana miaka 16.

Mambo vipi dada. Nanyanyua vyuma gym ya mtaani hapa Mbagala miezi saba, nakunywa poda ya protini kila siku, ugali na wali nimeacha ili nisiote kitambi. Mwili hauongezeki, nguvu zinashuka. Nibadilishe poda? (Mjengaji, Dar)

Kaka poda haina kosa, umeacha kula. Chakula kikipungua mwili unaichoma hiyo protini kama kuni na hela yako inaungua nayo. Ukiwa na kilo 70 unatosha na gramu 110 hivi za protini kwa siku, na unazipata mtaani: yai moja gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, dagaa wakavu gramu 50 wanakupa 30. Rudisha wali wako na ugali wako, hasa mlo wa kabla na wa baada ya vyuma, usambaze protini kwenye milo yote. Poda kama hela ipo kunywa, kama haipo nunua mayai.

Asalaam aleikum dada. Mie nacheza mpira Kisauni, Ramadhani mazoezi yetu huwa saa kumi jioni na kipindi cha pili huwa sijiwezi. Niache kucheza ama kuna njia? (Beki wa kulia, Mombasa)

Waaleikum salaam ndugu yangu. Usiache. Kubwa ni muda: ombeni mazoezi yasogee yaishie karibu na magharibi, mepesi, ili ukimaliza unafuturu papo hapo, na yale mazito yawe baada ya tarawehe. Ukifungua kwa tende na maji kisha uji, umeshawapa misuli sukari na maji kwa wakati wanaouhitaji sana, halafu ukishaswali ndo ule viazi vya nazi, mbaazi, samaki. Kaimati kula lakini zisichukue nafasi ya chakula.

Maji usiyanywe yote kwa mkupuo usiku wa manane, utayakojoa yote. Gawanya tangu futari mpaka daku, na chumvi kidogo kwenye chakula inasaidia maji yakae. Daku usiiruke hata kama usingizi ni mtamu, na iwe kitu cha kukaa tumboni, wali au mkate na mayai au maharage, si chai na mahamri mawili. Angalia mkojo wako mchana, ukiwa wa rangi nzito kama chai kavu jua jana usiku maji yalikuwa machache. Na ukisikia kizunguzungu uwanjani kwenye lile joto la pwani, toka, kaa kivulini, na mambo yakizidi kuwa mabaya fungua, siku hiyo utailipa.