Kaseti za mzee alizorekodi redioni: nianzie wapi?

SWALI: Marehemu baba ameacha kaseti kama 40 alizorekodi kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1980, tukiishi Tanga. Nyingine zina vumbi jeupe. Nilipopiga moja, mtangazaji alisikika kama anaongea ndani ya blanketi. Je, niweke simu mbele ya spika nirekodi?

JIBU: Simu iache, ndugu yangu, itarekodi na jogoo wa jirani.

Vumbi jeupe ni ukungu, na unyevu wa pwani ndio unaoulea. Kaseti hizo zitenge, usizipige kabla hazijakauka na kupanguswa ukungu, maana zitachafua hedi (kile kichwa cha mashine kinachosoma kanda) nayo hedi itachafua nyingine. Ukizipangusa, vaa barakoa.

Kuhusu blanketi, usiilaumu kanda haraka. Mara nyingi hedi ya redio kaseti ya mzee ilikaa kwa mwinamo wake, na ya deki yako, yaani mashine unayopigia kaseti sasa, ina mwingine. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo. Weka alama ilipo sasa, kisha kanda ikicheza igeuze taratibu sana ukisikiliza "s" na "sh" za mtangazaji. Zikisikika kali na safi kuliko kwingine kote, hapo hapo. Kila kaseti inaweza kudai mwinamo wake, kwa hiyo kazi hii ni ya subira. Dolby, ule mfumo wa kupunguza kelele ya kanda, izime, maana redio kaseti nyingi za nyumbani hazikuwa nayo.

Kabla ya yote vunja vile vijimeno viwili vya mgongoni mwa kaseti, mtu asije akarekodi juu yake. Safisha hedi kwa pamba na spiriti. Toa waya kwenye tundu la kutolea sauti nyuma ya deki, uingize kwenye kompyuta kwa kifaa cha sauti cha USB, urekodi kwa programu ya Audacity: faili la WAV, biti 24, kHz 48. Kaseti ya dakika 60 itakula takriban GB 1.

Halafu usikate kitu! Wengi hubakiza muziki na kutupa salamu, matangazo ya vifo na mlio wa saa, kumbe ndivyo vitakavyokuambia kipindi ni cha lini. Hata mluzi wa stesheni nyingine usiku uache. Ukitaka kusafisha kelele, safisha nakala.

Kaseti za dakika 120 ziweke mwisho, ukishazoea mashine. Utepe wake ni mwembamba, na deki huutafuna kirahisi.