Mlowezi na mwanzilishi

Swali: Mwalimu, katika habari za Lord Delamere, yule Mwingereza wa enzi za ukoloni nchini Kenya, nimekuta akiitwa "mlowezi", na kwingine "mwanzilishi wa Bonde la Ufa". Je, mlowezi linatokana na kulowa maji? Na maneno hayo mawili yana maana moja? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Maji hayamo kabisa. Kitenzi chake ni lowea, yaani kuhamia ugenini na kufanya makao huko. Tetea huzaa mtetezi, tembea huzaa mtembezi, na lowea huzaa mlowezi. Kuhusu asili ya neno, hayo yatosha.

Lakini "mwanzilishi wa Bonde la Ufa"! Neno hili limenikera miaka mingi. Anayeanzisha kitu hukikuta hakipo. Aliyeanzisha shule alikuta uwanja, akajenga madarasa, akaita wanafunzi. Sasa Delamere alikuta nini? Alifika nyanda za juu mara ya kwanza mwaka 1897, akitokea Usomali katika safari ya kuwinda. Ziwa Naivasha lilikuwa limekwisha kupewa jina na Wamaasai, na jina lenyewe laeleza maji yanayochafuka kwa mawimbi. Mtu hulipa ziwa jina kama hilo baada ya kuishi kando yake, kunywesha ng'ombe hapo na kuyaona mawimbi asubuhi na jioni. Basi Mwingereza huyu alianzisha nini hapo?

Mwaka 1903 alipewa ekari 100,000 huko Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Kondoo wakamfia, ng'ombe wakamfia, ngano ikashikwa na ugonjwa wa kutu. Alihangaika kweli, simnyimi sifa ya ustahimilivu. Hata hivyo, wachungaji aliowategemea walikuwa Wamaasai, wenye ujuzi wa mifugo na malisho ya nchi ile. Na mwaka 1904 hao hao Wamaasai waliondolewa bondeni ili walowezi wapate nafasi, wengi wakapelekwa Laikipia kwa ahadi kwamba ardhi ile ingekuwa yao maadamu kabila lao lipo. Miaka saba baadaye, mkataba wa 1911 ukawahamisha tena, kusini.

Ukiandika "mwanzilishi", watu hao wote wanafutika katika sentensi. Msomaji huona bonde tupu na mzungu mmoja mwenye jembe. "Mlowezi" halimtukani mtu. Linasema tu kwamba alitoka kwingine akaja kukaa, na papo hapo msomaji hujiuliza: alikaa kwa nani?

"Mhamiaji" naweza kulivumilia, ingawa ni jepesi mno kwa mtu aliyekuja kutwaa ardhi chini ya ulinzi wa serikali yake.

Mwaka 1908 Delamere alianzisha kampuni ya kusaga ngano, Unga Limited. Hapo andika mwanzilishi bila wasiwasi. Kwa bonde, andika mlowezi.